Sakafu Niliyoitengeneza Nikiwa Nje

Katika miaka yote niliyofanya kazi ya uashi, sakafu moja tu niliitengeneza bila kuikanyaga wala kuiona. Ilikuwa ya mama mkwe wangu, huko Paya, upande wa Uganda. Kwa desturi ya watu wa mke wangu, na ya watu wangu pia, mwanamume haingii nyumba anamolala mama mkwe. Hamtazami usoni, hali chakula mbele yake, na wakikutana njiani mmoja lazima aingie kichakani, kwa kawaida yule mwenye miguu mizima. Miaka hiyo ya sitini walikuwapo vijana waliozicheka haya hizo, hasa waliosoma kidogo. Lakini hata hao nilikuwa nawaona wakifika ukweni wanazunguka nyuma ya ghala kama sisi wengine.

Mimi ni mtu wa Busia, upande wa Kenya. Mke wangu nilimpata Tororo nilipokwenda kujenga maduka. Siku hizo kuvuka mpaka hakukumtoa mtu jasho. Askari akikuuliza unakwenda wapi, mara nyingi alitaka mazungumzo tu. Mke wangu alisema Kidhopadhola, mimi Kisamia, na nyumbani kwetu tulisema Kiswahili, kila mtu na makosa yake, yeye akisema "nakwenda" kwa mimi, kwa yule na hata kwa maji. Tulikuwa tukigombana kwa Kiswahili pia, na nadhani ndiyo maana ugomvi wetu haukufika mbali.

Sakafu ile ilijengwa na mdogo wa kiume wa mke wangu. Kijana huyo alifanya kazi Molo kwa mzungu mmoja mfuga kuku. Huko Molo baridi si mchezo, na vifaranga walikuwa wakilala katika nyumba yenye sakafu inayopashwa moto kwa chini. Moto uliwashwa nje, nyuma ya ukuta, moshi wake ukapita katika mifereji ya matofali chini ya sakafu, ukatokea upande wa pili kwenye dohani. Kazi yake ilikuwa kuutunza moto huo. Na kila alipoutunza, sina shaka, alimfikiria mama yake, maana mama mkwe wangu alikuwa na baridi yabisi, na msimu wa mvua miguu ilikuwa haimkubalii kusimama mpaka jua lipande.

Basi alipopata likizo akaja kumjengea nyumba ya vyumba viwili. Kuta za udongo, paa la mabati, na chini mifereji miwili ya matofali, mmoja kila upande. Juu ya mifereji akapanga mawe bapa, na juu ya mawe akamwaga saruji ya Tororo aliyoileta kwa baiskeli, mfuko baada ya mfuko. Kijiji kizima kilimcheka. Walisema kijana anamwatamia mama yake, na ile nyumba wakaipa jina la Kiota. Mama mkwe, niliambiwa, alicheka kuliko wote, halafu akauliza ataangua nini katika umri ule.

Sasa nieleze kosa lilipotokea, maana fundi yeyote akisikia habari hii anauliza hapo kwanza. Kwetu nyumba mpya ikiisha huingiwa siku hiyohiyo. Moto huwashwa ndani yake na mwenyewe hulala humo. Nyumba haiachwi baridi, tupu, ikisubiri kitu kingine kitangulie kuingia. Saruji nayo ina desturi yake, kwamba haipelekewi moto kabla haijakauka. Yule kijana alizijua desturi zote mbili. Lakini likizo ilikuwa inaisha, na kuondoka akiiacha nyumba ya mama yake haijaingiwa kulikuwa kubaya zaidi. Angeweza kuwasha vijiti vichache kwenye jiko la udongo, akaliweka katikati ya chumba, na desturi ingetosheka. Nilimwambia mke wangu hivyo mara nyingi mpaka akanikataza kulirudia. Kwa kijana yule, nyumba ile ilikuwa na moto wake, nao ni ule wa chini ya sakafu. Akauwasha huo, mashangazi wakapiga vigelegele.

Haikufika jioni sakafu ikaanza kuumuka. Maji yaliyokuwamo ndani ya saruji yalitafuta njia ya kutokea, na kingo zilikuwa zimeshikana na kuta bila nafasi hata ya unyasi, kwa hiyo sakafu ikainuka kama chapati kwenye kikaango, huku kichuguu, kule bonde. Walioona wanasema alirukia ndani bila viatu, akawa anaikanyagakanyaga irudi chini. Haikurudi. Mama yake akalala juu ya sakafu hiyo hivyohivyo, na asubuhi akasimama bila kushikwa mkono. Kijana akarudi Molo akiahidi kuja kuisawazisha likizo ijayo. Kabla ya likizo hiyo lori alilopanda lilipinduka. Walimleta amefungwa katika blanketi, akazikwa mbele ya mlango wa nyumba hiyo.

Mama mkwe aliendelea kuishi humo. Miguu ilipata nafuu, hakuna aliyebisha, lakini nafuu gani ya miguu ikiwa hakuna mahali pa kuiweka? Alikuwa akitembea kwa fimbo katika nyumba yake mwenyewe kama mtu anayepanda mlima wa Tororo. Mwisho alianguka, akavunjika kifundo cha mkono.

Ndipo akaja shemeji yangu mkubwa, kaka wa kwanza, aliyekuwa karani mjini Tororo. Mtu mpole, mwenye kupenda mambo yanyooke. Alisema mama akianguka tena, sakafu ile itavunjwa yote, mifereji ijazwe udongo, na mama ahamie kwake mjini. Mimi sikuona ubaya katika maneno hayo, ningesema vilevile. Lakini mama mkwe alikataa. Mwanawe amelala mbele ya mlango, alisema, na moto wa mwanawe uko chini ya miguu yake. Huko Tororo anakwenda kwa nani? Mke wangu aliporudi Busia akanisimulia yote hayo. Kisha akanikumbusha kwamba mimi ni fundi, kana kwamba nilikuwa nimesahau.

Nikamuuliza fundi gani anayetengeneza sakafu asiyoruhusiwa kuikanyaga. Akanijibu kwa methali ya usipoziba ufa utajenga ukuta. Watu hupenda kutuambia waashi methali hiyo, kila mmoja akidhani yeye ndiye wa kwanza. Nilikasirika, lakini nilifunga vifaa vyangu. Tukapanda treni Tororo hadi Nagongera, na kutoka hapo tukaenda kwa miguu, mimi nimebeba mwiko, tindo na pima maji, yeye amebeba kuku wa kupelekea mama yake.

Ukweni mtu hakai bila koti. Kwa hiyo kazi ile yote niliifanya nimevaa koti. Nilipepeta mchanga kwa koti, nikachanganya saruji kwa koti, na watoto wa jirani walikuja kusimama mbali wakinitazama kama sinema. Waliniwekea kiti nyuma ya jiko, kimeelekezwa kwenye ghala ili mgongo wangu uwe upande wa nyumba. Chakula kikija, nilikula nikilitazama ghala. Mpaka leo naweza kulichora ghala lile, ufito kwa ufito.

Kazi ya ndani ilifanywa na mke wangu. Mimi nilisimama nje ya dirisha, nimeupa ukuta mgongo, nikauliza maswali. Badala ya macho nilitumia maji. Nilimwambia amwage kibuyu cha maji katikati ya chumba, aniambie yanaelekea wapi.

"Nakwenda mlangoni," akasema, "halafu narudi."

"Maji hayarudi."

"Haya, ingia uone."

Kisha nikasikia mtu anacheka ndani, kicheko cha chini, cha mtu aliyejiziba mdomo kwa nguo. Ndiyo mara pekee niliyopata kumsikia mama mkwe wangu akicheka. Nilifurahi kuliko nilivyotaka kukubali.

Kibuyu baada ya kibuyu nilichora nyumba ile yote pale uani. Penye kichuguu niliweka jiwe, penye bonde nilichimba kwa kisigino. Nikawa na sakafu ya pili, yangu, yenye vyumba na milango, niliyoweza kuizunguka na kuifikiria. Msaada mwingine sikuutarajia, nao ni fimbo. Mama mkwe alipotembea ndani nilimsikia. Penye saruji iliyolala vizuri juu ya jiwe fimbo ililia kwa sauti kavu, na penye uwazi chini ililia kama ngoma. Alipofika bondeni ilichelewa kugusa. Nilijifunza sakafu ile kwa masikio, na sikuwa na namna ya kumshukuru mwenye fimbo.

Nikamweleza mke wangu la kufanya. Kwanza, kuzunguka kuta zote akate mfereji mwembamba wa upana wa kidole, aujaze mchanga mkavu, ili sakafu ikipata moto na kutanuka iwe na pa kwendea. Pili, vichuguu vyote vikatwe kwa tindo. Tatu, mabonde yakwaruzwe, yalowanishwe, yajazwe saruji na mchanga. Na kama ilivyo kazi yoyote ya namna hiyo, palihitajika kuzima moto ili saruji mpya ikauke polepole chini ya magunia yaliyolowana. Hapo tukakwama. Mvua za masika zilikuwa zimeanza, na mama mkwe bila moto asingeweza hata kufika chooni.

Nilikaa na lile ghala langu nikiwaza, mpaka nikakumbuka kwamba mifereji ni miwili. Nikaenda nyuma ya nyumba kwenye shimo la moto, nikaziba mdomo wa mfereji mmoja kwa udongo wa mchwa. Nusu ya nyumba ikapoa, nusu ikabaki na joto. Kitanda kikasogezwa kwenye joto, mke wangu akatengeneza kwenye baridi. Baadaye tungebadilisha. Ni jambo dogo, lakini siku ile nilijiona mtu mwenye akili sana, na hakuwapo mtu wa kumwambia ila watoto wa jirani.

Chumba cha mbele kilikwenda vizuri. Kilichobaki ni cha ndani, anamolala, na humo kulikuwa na kichuguu kikubwa kuliko vyote, karibu na kichwa cha kitanda. Kwenye ramani yangu ya uani nilikuwa nimekiwekea jiwe kubwa. Nilimwambia mke wangu akikate chote, asibakize, maana hicho ndicho kitakachomwangusha mama yake. Nikasikia tindo likigonga kidogo tu, kisha likanyamaza. Nikasikia wanasemezana kwa Kidhopadhola, sauti za chini, mama na binti. Maneno hayo sikuyapata. Kisha mke wangu akaja dirishani.

"Hiyo nimemaliza," akasema.

Nilishangaa, nikamuuliza mbona upesi hivyo. Akasema saruji ya hapo ilikuwa laini. Jambo hilo lingeweza kuwa kweli, kwa kuwa saruji iliyopikwa ikiwa mbichi haina nguvu. Nikaliondoa lile jiwe kubwa kwenye ramani yangu, nikalitupa.

Tulirudisha moto kidogo kidogo, kwanza kwa magunzi ya mahindi, kisha vijiti, kisha magogo, kama ambavyo yule kijana angefanya angepata nafasi. Sakafu haikuinuka. Shemeji mkubwa akaja kutoka Tororo, akaingia chumba cha mbele na viatu vyake, akatembea huku na huku akikanyaga kwa nguvu. Chumba cha ndani hakuingia, kwa sababu mwanamume mzima haingii anapolala mama yake. Alitoka akasema sawa, mama atabaki. Jioni hiyo wakaketi kwenye chungu cha pombe ya ulezi na mirija yao, na mimi nikapewa mrija mahali pazuri.

Lakini mimi nilikuwa na kero yangu. Asubuhi, kabla hatujaondoka, nilikuwa kwenye kiti changu nikamsikia mama mkwe akiamka. Fimbo ililia mara mbili, kavu, safi. Kisha ikanyamaza. Ilinyamaza kitambo, ndipo ikaendelea hadi mlangoni bila kusita tena. Nilimuuliza mke wangu kuna nini pale. Akasema mama anapumzika. Nikamwambia mtu hapumziki akiwa ndiyo kwanza ameamka. Akaniambia mimi sina baridi yabisi.

Ilikuwa vivyo hivyo kila tulipokwenda Paya miaka iliyofuata. Fimbo mara mbili, kimya, kisha safari ya mlangoni. Fundi akisikia mahali panaposita katika kazi yake hapati usingizi mwema. Nilidhani kuna jiwe lililozama, au kipande kimepasuka na yule mama anakikwepa kimyakimya asitusumbue. Nilijitolea kuja kupafungua upya. Mke wangu kila mara alikuwa na habari nyingine ya kusimulia. Nilinuna, lakini huwezi kubishana na mtu juu ya chumba ambacho yeye anakiingia na wewe hukiingii.

Hakuanguka tena. Wala hakuhama. Alifia kitandani mwake msimu wa mvua, karibu na mwisho wa miaka ya sitini, moto ukiwa chini yake. Tulipofika alikuwa ameshatolewa uani amefunikwa, na watu wamejaa. Tukamzika kando ya mwanawe, mbele ya mlango.

Mazishi yalipokwisha shemeji mkubwa akaniita. Moto wa chini ulikuwa bado unafuka, na alitaka mtu anayeijua mifereji aizibe, moshi usije ukarudi ndani. Akaniambia pia kwamba shangazi yao mmoja, mjane, atahamia humo. Mfuko wa saruji ulikuwa umebaki kwenye kazi ya kaburi. Kama kuna mahali hapakukaa sawa nipamalizie kabisa, kwa sababu yeye hakupenda mtu mwingine aanguke humo.

"Ingia, shemeji," akasema. "Sasa hakuna wa kumwonea haya humo ndani."

Nilivua viatu mlangoni, koti nikabaki nalo. Sakafu ilikuwa bado na uvuguvugu. Chumba cha mbele nilikitembea polepole, kona hadi kona, na nasema kweli, kilikuwa kizuri. Nimekanyaga sakafu za mafundi wenye majina zilizokaa vibaya kuliko ile. Nikaona fahari juu yangu, halafu juu ya mke wangu, ambaye ndiye aliyeshika mwiko.

Kisha nikaingia cha ndani. Kitanda kilikuwa kimetolewa. Na pale pale, karibu na kilipokuwa kichwa cha kitanda, palikuwa na kile kichuguu. Kilikuwa hakijakatwa. Pembeni yake palikuwa na makovu machache ya tindo, yamekoma ghafla. Juu yake, katikati, palikuwa na wayo wa mtu, umezama kabisa, kisigino na vidole vyote, wayo wa kijana aliyekanyaga saruji mbichi kwa nguvu zake zote ili irudi chini. Saruji pembeni ilikuwa na mikwaruzo, lakini ndani ya wayo ilikuwa laini na nyeusi, inang'aa, kama kizingiti kilichopitwa miaka mingi.

Nilikasirika kwanza. Nililikumbuka jiwe langu kubwa nililolitupa, nikaona nimefanywa mjinga miaka yote hiyo. Mke wangu alikuwa amesimama mlangoni nyuma yangu.

"Mama nalikataa," akasema. "Nalisema atajua kupita. Kila asubuhi naweka mguu wake hapo kwanza, halafu ndiyo naanza kutembea."

Hasira ilinitoka, nikawa sina kitu cha kushika mahali pake. Yule mama nilimjua kwa fimbo na kwa kicheko kimoja, na pale ndani nilimlilia kuliko nilivyomlilia kaburini, ambako nililia kwa sababu mkwe hutakiwa kulia.

Nilitoka, nikavaa viatu, nikazunguka nyuma ya nyumba. Nikafinyanga udongo, nikaziba midomo ya mifereji, kwanza mmoja, kisha wa pili. Shemeji mkubwa alikuja akasimama juu yangu na ule mfuko wa saruji umekunjwa mdomo, akauliza kile chumba cha ndani, ambacho yeye hakupata kukiingia, kama kilitoka sawa na cha mbele, au kuna mahali pa kuvunja.

"Kiko sawa," nikamwambia. "Mwambie shangazi aweke kitanda palepale kilipokuwa."